Sahani Zilizorudi Tupu

Sahani ilirudi jikoni safi kama ilivyotoka kabatini, na Mama akaipokea kwa mikono miwili.

"Yote?" aliuliza.

"Yote," alijibu Kitinda huku akivua barakoa.

"Hata mayai?"

"Hata mayai, mama. Unataka nikuapie?"

Mama hakutaka kiapo. Aliinyanyua sahani kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza huku na huku kama anayekagua noti, kisha akatabasamu peke yake. Akaketi mezani, akafungua daftari na kuandika kwa herufi zake kubwakubwa: saa saba mchana, mayai mawili yaliyochemshwa mpaka yakakauka, viazi vya kuponda vijiko sita, kuku kipande kimoja, maziwa kikombe. Mbele ya kila kimoja akaandika, amemaliza.

Kitinda aligeukia bomba akajifanya ananawa. Tumbo lilikuwa limemjaa. Mayai yale alikuwa ameyala yeye. Kuku alikuwa naye yeye. Kaka yake alikuwa amekula nusu kijiko cha viazi, na hicho nacho alikitema kwenye karatasi laini, akaikunja na kuitia mfukoni mwa koti la kulalia.

Mama alikuwa amepika shuleni miaka ishirini na tisa. Watoto mia tatu kila mchana, sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake, na dirisha dogo la kupokelea vyombo. Pale dirishani ndipo alipojifunza kazi yake hasa. Mtoto akiulizwa hali yake husema mzima, hata akiwa anaungua homa, maana anaogopa sindano. Kwa hiyo Mama hakuwauliza. Alitazama sahani. Kuna msichana mmoja aliyerudisha chakula siku tatu mfululizo, Mama akafunga aproni yake na kwenda mpaka kwa mwalimu mkuu. Msichana akapelekwa kupimwa, akakutwa na homa ya matumbo. Tangu hapo walimu walimwita Daktari wa Sahani, kwa utani na kwa heshima pia. Aliamini sahani kuliko vinywa, na watoto wake mwenyewe aliwalea hivyohivyo. Katika nyumba ile chakula hakikutupwa. Ulipewa, ulimaliza, ulirudisha chombo, ukasema asante.

Watu wote walimwita mwanawe wa kwanza Fundi, kwa sababu alitengeneza mafriji na hakuna mtaa ambao hajaingia jikoni kwa watu. Alikuwa mtu wa kubeba friji mgongoni peke yake huku akipiga hadithi. Saratani ya damu ilimkuta na miaka thelathini na minane. Wakapimwa ndugu, na damu ya Kitinda, kitinda mimba wa nyumba, ikaonekana inalingana na yake kwa kila kipimo. Kitinda alilazwa kwenye kiti mchana mzima. Mashine ikachota damu mkono huu, ikachuja seli ilizozitaka, ikarudisha iliyobaki mkono ule. Kilichopatikana kilitosha mfuko mmoja mdogo. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, alimshikilia Kitinda kikombe cha chai chenye mrija muda wote ule, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa na sindano. Hakuombwa kufanya hivyo. Aliona tu.

Fundi alipandikizwa seli hizo, nazo zikashika. Wiki ya tano Fundi aliruhusiwa kurudi nyumbani, amekonda, hana nywele wala nyusi, na kazi ya kumrudishia mwili ikakabidhiwa jikoni kwa Mama.

Mtaalamu wa lishe alikuwa binti mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni. Alipomwona Mama anakunja macho juu ya karatasi ya maelekezo, hakusema kitu kuhusu miwani. Aliivuta karatasi polepole, akaigeuza na kuandika yote upya kwa herufi kubwa nyuma yake. Kila kitu kiive mpaka ndani. Mboga mbichi hapana. Matunda ni yale ya kumenya, na yaoshwe kwanza ndipo yamenywe. Balungi marufuku kabisa, linagombana na dawa. Maji na maziwa yachemshwe. Chakula kikikaa mezani zaidi ya saa mbili kisiliwe. Akampa kopo la unga wa protini wa kuchanganya kwenye uji na maziwa, akampa vidonge vya magnesi kwa sababu dawa zingine zinayamaliza madini hayo mwilini, akasema hivyo vinatosha.

"Mtu akileta kidonge, unga, majani, hata vitamini ya dukani, niulizeni kwanza. Vingine vinaharibu dawa, vingine vinachosha ini. Na uandike anachokula, mama. Siyo unachompikia. Ni vitu viwili tofauti."

"Binti yangu," Mama alicheka, "mimi nimesoma sahani mia tatu kwa siku."

Tatizo lilikuwa kikohozi. Miaka ya kwanza pale shuleni walipikia kuni, na moshi ule ulimwachia Mama kifua ambacho hakikumwacha tena. Daktari alisema kikohozi chake si cha kuambukiza, lakini kwa miezi hii ya mwanzo asikae chumbani kwa mgonjwa. Ndiyo maana sinia ilipelekwa na Kitinda. Alifanya kazi duka la mapazia, mitaa miwili kutoka nyumbani. Alikuja mchana na kurudi jioni, akavaa barakoa, akanawa mpaka kwenye viwiko, akaingia na kufunga mlango nyuma yake.

Siku ya pili Fundi alishika kijiko kwa muda mrefu bila kukiinua.

"Kila kitu kina ladha ya chuma," alisema. "Kama nalamba betri."

"Jaribu kidogo, kaka."

"Nimejaribu. Koo limegoma. Mdomo wenyewe ni vidonda." Akasukuma sahani upande wa dada yake. "Nimalizie."

"Wewe! Na Mama?"

"Ndiyo nasema kwa ajili ya Mama. Jana nilirudisha, akapika tena. Nikarudisha, akapika tena. Nilimsikia anakohoa juu ya jiko mpaka akakaa chini. Nimalizie, Kitinda. Leo tu."

"Tuwaambie hospitali kwamba huwezi kula."

"Waniwekee mpira wa kulishia puani? Siku kumi na moja nilikaa nao. Nilikuwa nahisi kama kuna nyoka kooni. Ukisema, wakaja na ule mpira, nitajitoa hospitalini kwa miguu yangu, na dawa nitaacha zote. Niapie husemi."

Kaka yake alikuwa hajawahi kumwomba kitu. Yeye ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, ndiye aliyemlipia chuo cha ushonaji. Kitinda akaapa. Kisha akashusha barakoa, akageukia dirisha na kula. Hakukuwa na pa kutupa. Choo kilikuwa upande wa pili, karibu na jiko, na hata kingekuwa chumbani humo, mkono wake usingeweza kumwaga chakula cha Mama. Alikula haraka kama mwizi. Kilichomtia aibu zaidi ni kwamba kilikuwa kitamu.

Leo tu ikawa kesho pia, ikawa wiki. Siku nzuri Fundi alikula vijiko vitatu. Siku mbaya alikunywa maji na kulala akitazama ukuta. Daftari la Mama likajaa kurasa za amemaliza, na Mama mwenyewe akanawiri. Alianza kufunga kitambaa kichwani kwa mtindo tena. Jirani akiuliza hali ya mgonjwa, alijibu kwa sauti ya kusikika barabarani: "Anakula! Sahani inarudi nyeupe!"

Jumamosi moja Shangazi, dada wa marehemu baba yao, alifika na chupa ya kijani imefungwa kwenye gazeti.

"Wifi, hii ni majani matupu," alisema akiiweka mezani. "Inaongeza damu, inasafisha figo, inafungua tumbo. Mume wa jirani yangu alikunywa kijiko kwa siku, sasa anabeba magunia."

"Alikuwa na saratani ya damu?"

Shangazi alifikiri. "Alikuwa na mgongo."

"Basi mgongo wa Fundi ukiuma nitakuita."

"Unajifanya daktari siku hizi."

"Sijifanyi. Nimeambiwa niulize kwanza, na leo Jumamosi hakuna wa kumwuliza." Mama aliirudisha chupa kwenye gazeti lake, akaifunga vizuri kuliko ilivyokuja, akamkabidhi mwenyewe. "Moyo wako nimeupokea, wifi. Chupa nenda nayo."

Shangazi hakukasirika sana. Alikuwa mtu wa kuudhika mpaka chai inapomiminwa. Akiwa na kikombe mkononi alimgeukia Kitinda.

"Na wewe je? Ulitoa damu au uliongezewa? Mbona hilo gauni linaomba msamaha?"

"Shangazi jamani!"

"Nakuuliza. Kaka anapungua, dada anafura. Au kuna mtu anakulisha huko dukani hatujaambiwa?"

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Mwache ale. Aliyemtolea kaka yake damu hawezi kula kama ndege."

Kitinda aliinuka kwenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Gauni lile alilitanua mishono mara mbili mwezi ule. Dukani mwenye duka, mzee wa maneno machache, alikuwa ameona anavyohema akipanda ngazi kutundika mapazia. Bila kumwuliza lolote alimhamishia kwenye meza ya kupimia, akamwekea kiti chenye mto. Kitinda aliposhukuru, mzee alisema tu kwamba kiti kilikuwa kinakaa bure.

Siku ya kliniki, Fundi alipanda kwenye mizani na viatu vyake. Muuguzi akamwomba avivue, akainama mwenyewe kuvifungua kamba. Alitoka hospitali na kilo hamsini na nane. Sasa zilikuwa arobaini na tisa na nusu.

Daktari alikuwa mzee ambaye miwani yake ilishikiliwa na uzi upande mmoja. Hakuwahi kuongea na mgonjwa akiwa amesimama. Alivuta kiti kila mara mpaka macho yao yakalingana. Alisoma daftari la Mama ukurasa baada ya ukurasa, akilamba kidole.

"Mama, huyu anakula kuliko mimi."

"Napika mwenyewe, daktari. Hakuna mkono mwingine unaogusa."

"Kuna kitu kingine anatumia? Vidonge vya nyongeza, majani, chupa ya jirani? Sitagomba, nataka tu kujua."

"Hakuna. Wifi yangu alileta chupa, ikarudi naye."

"Mungu akuweke. Tumbo linaharisha?"

"Kidogo," Fundi alisema. Ilikuwa kweli, vidonge vya magnesi humlegeza mtu tumbo.

Daktari alifunga daftari. Alieleza taratibu, akimtazama Mama, ili aelewe. Chakula kinaingia, mwili haukipati, tumbo limelegea. Kwa mtu aliyepandikizwa, hilo lina maana yake. Seli za dada zimehamia nyumba mpya, na wakati mwingine huamka zisimtambue mwenye nyumba. Zinaanza kumpiga. Mara nyingi huanzia kwenye utumbo.

Wote wakamtazama Kitinda, bila kukusudia, kama watu wanavyogeuka sauti ikisikika nyuma yao. Hata Mama.

"Ningependa kuingiza kamera niuone utumbo," Daktari aliendelea, "lakini mashine yetu iko kwa mafundi, itarudi baada ya wiki mbili. Kwa uzito huu siwezi kusubiri wiki mbili. Nitampa dawa ya kuzifunga mikono hizo seli. Inafanya kazi vizuri. Ila msikilize: ikizifunga mikono, mwili unabaki hauna mlinzi. Homa yoyote, hata ndogo, mje mbio."

Mtaalamu wa lishe alikuwa amesimama mlangoni na kalamu zake. Alimtazama Kitinda, siyo Mama.

"Haya yaliyoandikwa," aliuliza kwa upole, "ndiyo anayokula kweli?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Kitinda alijua, na miaka baadaye angejua, kwamba hakuna mlango uliowahi kuachwa wazi kwa ajili yake namna ile. Alimtazama kaka yake. Fundi hakutikisa kichwa. Alifumba macho tu, akayafumbua. Pembeni yake Mama alikuwa ameshika daftari kifuani kama mtoto aliyeshinda zawadi.

"Ndiyo," alisema Kitinda.

Kwenye teksi ya kurudi Mama alikaa mbele. Nyuma, Fundi alinong'ona, "Asante."

"Usiniambie asante. Nimedanganya mbele ya daktari. Kesho nawaambia."

"Nipe siku tatu. Nitakula, hata kwa kulia. Nikila, haitakuwa uongo tena."

Akampa siku tatu. Na hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea, ambalo lingemchanganya mtu yeyote. Siku ya tatu ya dawa ile, Kitinda aliingia na sinia akamkuta Fundi ameketi wima anamsubiri.

"Leo kuna nini?"

"Wali na samaki."

"Lete."

Alikula wali wote. Alikula samaki mpaka mwiba ukabaki mweupe. Akauliza kama kuna zaidi. Dawa zile zina tabia ya kuamsha njaa, Daktari alikuwa amelitaja hilo harakaharaka mwishoni, lakini wao waliona muujiza. Kitinda alikaa pembeni ya kitanda akimtazama kaka yake anatafuna, machozi yakilowesha barakoa, na alipoipeleka sahani jikoni na Mama akauliza, "Yote?" alijibu, "Yote!" kwa sauti ambayo hakuwa nayo tangu mwezi uliopita.

Alirudi dukani na njaa. Alinunua mkate kibandani, akaula mkavu, na hakuwahi kula mkate mtamu kama ule.

Siku kumi na moja zilikuwa hivyo. Kilo moja na nusu ikarudi. Uso wa Fundi ukavimba mviringo, kazi ya dawa hiyo, na akaanza utani wake wa zamani kwamba sasa anafanana na friji. Mama aliimba jikoni. Kitinda alijiambia kwamba ya nini kuamsha jambo lililolala. Daktari alitaka ale, anakula. Seli zake zimefungwa mikono, lakini si zilikuwa hazina kosa? Zitafunguliwa tu baadaye. Alijua kuna kitu hakikai sawa katika hesabu hiyo, ila kila alipokikaribia kilimtia kizunguzungu, akarudi kupima mapazia.

Siku ya kumi na mbili Fundi alikohoa. Mara moja, kikohozi kikavu. Jioni kipimajoto kilisema thelathini na nane na pointi mbili. Mama hakungoja hata kuzima uji. Jirani ndiye aliyeingia baadaye akauzima, akaosha sufuria na kufunga madirisha.

Walichokiona kwenye picha ya mapafu kilikuwa ukungu. Aina ileile inayoota kwenye ukuta wenye unyevu, Daktari alisema. Sote tunaivuta kila siku, na mwili wenye mlinzi huitema. Fundi aliwekwa kwenye chumba cha peke yake chenye mlango wa kioo, na barakoa ya hewa usoni.

Asubuhi Daktari aliwakuta kwenye korido. Alivuta viti viwili, akaona havitoshi, akabaki amechuchumaa.

"Nataka mjue niko wapi," alisema. "Dawa ya ukungu nimeshaanza. Lakini haitafanya kazi vizuri kama ile ya kufunga seli mikono inaendelea. Nikiipunguza ile, utumbo wake utashambuliwa upya, na kwa kilo hizi hauwezi kuvumilia. Nisipoipunguza, ukungu utamaliza mapafu. Niko katikati, na sijui niegemee wapi."

"Ipunguze," Kitinda alisema.

"Binti yangu, si rahisi hivyo."

"Ipunguze. Utumbo haukuwahi kuumwa." Sauti yake ilitoka ndogo, ikabidi aanze tena. "Hakuwa anakula, daktari. Nilikuwa nakula mimi. Kila sahani. Kabla ya ile kliniki, wiki tatu nzima. Alikuwa anakula vijiko viwili, vitatu. Mengine yote nilikula mimi."

Mhudumu aliyekuwa anapiga deki karibu yao aliinua ndoo yake, akaondoka nayo bila kufanya kelele.

Daktari alivua miwani. Uzi ulinasa sikioni, akauacha hapo. "Umefanya vizuri kusema," alisema. Kisha, kwa sauti ileile, "Ungesema siku ile." Akasimama, magoti yakilia, akaenda kwenye simu iliyo ukutani na kuanza kutaja majina ya dawa na vipimo vyake.

Mama alikuwa bado ameketi. Mikono yake ilikuwa mapajani, viganja juu, kama ameshikilia kitu kipana.

"Kilikuwa na chumvi ya kutosha?" aliuliza.

"Mama..."

"Nauliza. Nilikuwa napika na barakoa, sionji. Niliogopa kuonja na kijiko kisha nikakohoa. Kilikuwa kitamu?"

"Kilikuwa kitamu sana, mama."

Mama alitikisa kichwa taratibu, kuonyesha amesikia. Kisha aliinuka, akaenda kusimama kwenye dirisha la mwisho wa korido, akawapa wote mgongo. Siku sita hakumsemesha binti yake neno. Akimhitaji, alimwambia muuguzi, na muuguzi akamwambia Kitinda, wote watatu wakiwa wamesimama mahali pamoja.

Dawa ile haikatwi ghafla. Hupunguzwa ngazi kwa ngazi, na ukungu haukusubiri ngazi.

Siku ya nne waliruhusu mmoja mmoja aingie. Kitinda alivaa gauni la plastiki, kofia, viatu vya karatasi. Mpira ulikuwa puani mwa Fundi, umeshikiliwa kwa plasta. Hakuutoa. Hakuwa na nguvu za kuutoa.

"Umewaambia," alisema ndani ya barakoa.

"Nimewaambia."

"Umechelewa. Ni mimi niliyekuchelewesha." Akapumzika. "Mama alisemaje?"

"Aliuliza kama kilikuwa na chumvi."

Fundi alimtazama. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akacheka, kicheko cha zamani cha kubeba friji, kikageuka kikohozi, mashine ikaanza kupiga mlio. Muuguzi aliingia mbio, akamwinua, akamshikilia kifuani kwake kama mtoto mpaka kikohozi kikapita, kisha akalowesha pamba na kumpangusa midomo, huku na huku, bila haraka. "Dada, inatosha kwa leo," alisema, na alimsindikiza Kitinda mpaka mlangoni akiwa amemshika kiwiko.

Fundi alifariki siku ya saba, saa nne asubuhi, zamu ya Mama ikiwa ndani. Walikuwa wamemruhusu aingie na kikohozi chake, maana sasa hakuna aliyemkataza tena. Kitinda aliona kupitia kioo jinsi mgongo wa Mama ulivyoshuka.

Daktari alipotoka, Kitinda alimzuia njiani.

"Ni sisi?"

Mzee hakukimbilia kumfariji. "Sijui," alisema. "Waliopandikizwa hupata ukungu huu hata bila dawa ile. Na njaa peke yake ingeweza kumdhoofisha hivyohivyo. Inawezekana angeupata. Inawezekana asingeupata. Nikikwambia najua, nitakudanganya, na uongo umeshatutosha." Akamshika bega kwa muda, kisha akaingia chumba kingine, ambako mtu mwingine alikuwa anamsubiri.

Waliambiwa wangoje karatasi ya kifo kutoka ofisini. Shangazi alikuwa amefika, akaenda kuzungumza na mwenye gari la kubeba mwili, kwa mara ya kwanza bila kupandisha sauti. Mama aliketi peke yake kwenye benchi la mbao, mkoba magotini. Kitinda alisimama upande wa pili wa korido, ameegemea ukuta, akitazama sakafu. Watu walipita katikati yao: wauguzi wakibadilishana zamu, mwanamke aliyebeba maua, mzee akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu.

"Sijakusamehe," Mama alisema.

Ilimchukua Kitinda muda kujua kwamba anasemeshwa yeye.

"Najua, mama."

"Na yeye sijamsamehe."

"Ndiyo, mama."

Mama alikohoa, akangoja kifua kitulie. Akauhamisha mkoba kutoka magotini, akauweka sakafuni, akasogea mpaka mwisho wa benchi.

"Kaa basi," alisema. "Umesimama tangu asubuhi."

Kitinda akakaa. Mlango wa ofisi ulikuwa bado umefungwa, na ndani yake ilisikika mashine ya kuchapa ikiandika polepole, herufi moja moja.